Hesabu ya Pumzi Moja

Jumatatu, 1 Septemba. Hesabu: 9

Fizio, mtaalamu wake wa mazoezi ya tiba, ametuachia daftari hili akaagiza tuandike kila siku namba moja tu: mdogo wangu amehesabu mpaka ngapi kwa pumzi moja. Anavuta hewa mpaka mwisho, kisha anahesabu kwa sauti, namba mbili kila sekunde, hadi hewa imwishie. Mtu mzima mwenye afya hufika 40 na kupita. Nilijaribu mimi nikafika 43. Yeye leo amefika 9.

Fizio alisema namba inatosha. Lakini namba hupanda na kushuka kwa sababu, na sababu nisipoziandika nitazisahau kabla hatujarudi kliniki. Nitaandika vyote viwili.

Sababu ya leo ni mkanda wa tumbo. Niliufua jana nikauanika kamba moja na nguo za Mama, na upepo wa usiku ukausukuma hadi kwenye mtandio wake wa kuswalia, ule mweupe wa kufuma. Velkro ikauma nyuzi. Tulikaa nusu saa uani tukiutenganisha uzi kwa uzi kwa sindano, na muda wote huo mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu bila mkanda, akihema kama aliyepanda mlima wa Kibuli na gunia kichwani. Aliita. Hatukusikia. Sauti yake haivuki mlango wa chumba. Mwanangu, aliye na miaka 9, ndiye mjumbe wake, na mjumbe alikuwa dukani kununua sabuni.

Mtandio umetoboka pahali patatu. Mama amesema swala itaswihi.

Alhamisi, 4 Septemba. Hesabu: 7

Walikuja wageni wanne, watu wema, na ndizi na kilo mbili za sukari. Nikaenda jiko la uani kuchemsha chai. Niliporudi nikakuta wamemwinua na kumpangia mito mitatu mgongoni ili apate hewa. Midomo ilikuwa imeanza kupauka. Nikaomba radhi, nikaondoa mito mbele yao, nikamlaza chali. Mmoja alinitazama kana kwamba namfukia.

Kwetu mgonjwa wa kifua huinuliwa, na kwa wagonjwa wengi ni sawa. Kwa aliyevunjika shingo mambo hugeuka. Pumzi inavutwa na kiwambo, ule msuli mpana uliotandazwa kama paa la kuba chini ya mapafu. Kuba likishuka, hewa inaingia. Mtu akilala chali, utumbo hulisukuma kuba juu, likapata nafasi ya kushuka. Akiketi, na misuli ya tumbo imepooza, utumbo hujimwaga mbele, kuba likabaki bapa, na kitu kilicho bapa hakina pa kushuka. Ndiyo kazi ya mkanda: unakuwa misuli ya tumbo badala ya ile iliyolala.

Shingo ilivunjika mwezi wa Aprili, kwenye mteremko, akiwa abiria wa boda. Mfupa wa tano. Amri ya kiwambo hutoka kwenye ugwe wa ndani ya uti wa mgongo, katika ngazi ya tatu, ya nne na ya tano ya shingo. Aliyeumia juu ya ngazi ya tatu hawezi kuvuta hewa mwenyewe. Mdogo wangu aliumia ya tano, lakini siku za mwanzo uvimbe ulipanda kama maji ya mafuriko mpaka ya tatu, akapumuliwa na mashine siku 23 kwa tundu la kooni. Uvimbe ulipopungua kiwambo kikaamka. Tundu liliziba Juni. Kiwambo amekipata, misuli ya kati ya mbavu na ya tumbo hajaipata. Akivuta hewa tumbo linapanda na kifua cha juu kinabonyea ndani, pale pale ambapo chetu hufura. Wageni waliokiona leo walidhani kifua kinaporomoka.

Mito nimeiweka juu ya kabati.

Jumanne, 9 Septemba. Hesabu: 10

Zoezi la asubuhi ni chupa. Unakata mdomo wa chupa ya maji ya lita moja na nusu, unatia maji kina cha kiganja, unatumbukiza mrija, naye anapuliza polepole mapovu yachemke. Maji yanaizuia hewa kidogo, na kizuizi hicho huviweka wazi vijumba vya mwisho vya mapafu ambavyo kwa mtu wa pumzi fupi hupenda kunyong'onyea na kujifunga.

Mwanangu alitaka mapovu yawe makubwa zaidi ili Mjomba afurahi, akatia kijiko cha sabuni ya unga. Povu lilipanda, likavuka mdomo wa chupa, likashuka kifuani kwa Mjomba wake mpaka kwenye shuka na godoro. Nilimtoa mrija mdomoni haraka kwa hofu ya kuvuta povu. Hakuvuta. Alikuwa anacheka. Kicheko chake hakina sauti siku hizi, kwa kuwa sauti ya kicheko inasukumwa na tumbo. Mabega hutikisika tu na macho hububujika. Tulibadilisha shuka, yaani kumgeuza mara nne watu wawili. Mtoto hakuchapwa. Nimemweleza kwamba mapafu hayana njia ya kutema sabuni, naye akauliza kwa nini tumbo la Mjomba halijui kukohoa ilhali linajua kushiba. Nimemjibu kadiri nilivyoweza.

Jumatano, 17 Septemba. Hesabu: 8

Saa tano asubuhi alianza kutoka jasho usoni na shingoni, vinyweleo vya mikono vikasimama, kichwa kikamgonga kama nyundo. Mama alileta dawa ya maumivu. Sikumpa. Kwa aliyeumia juu ya katikati ya mgongo dalili hizo maana yake ni kwamba kuna kitu chini ya jeraha kinaulalamikia mwili, lalamiko haliwezi kupanda hadi kichwani, na shinikizo la damu linapaa peke yake. Linaweza kuua. Hapa ndipo mgonjwa anapoinuliwa, akakaa wima, na nguo zote za kubana zikafunguliwa, mkanda ukiwa wa kwanza.

Kilicholalamika kilikuwa mrija wa mkojo, umekunjika chini ya paja tangu nilipombadilisha nguo. Nikaunyoosha. Mfuko ulijaa haraka, na baada ya dakika kumi kichwa kikatulia. Niliukunja mimi. Sasa kila nikimgeuza naufuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, kama msomaji anayefuata mstari.

Ijumaa, 26 Septemba. Hesabu: haikusikika

Tulianza kuhesabu adhana ya alasiri ilipoingia. Nyumba iko chini tu ya msikiti wa Kibuli, ule ambao Prince Aly Khan aliuwekea jiwe la msingi mwaka 1941 na ukamalizika mwaka 1951 juu ya ardhi aliyoitoa Prince Badru Kakungulu, na vipaza sauti vyake huingia chumbani kwa mdogo wangu bila kubisha. Alifika 6 au 7, midomo ikaendelea, sikusikia kitu. Hakuwa na pumzi ya kurudia.

Baadaye alikuja Shehe. Mdogo wangu alikuwa na swali alilolihifadhi tangu Juni, na alilitoa vipande vitatu kwa sababu lilikuwa refu kuliko pumzi yake. Katika Fatiha aya ya saba ndiyo ndefu. Haimalizi. Anakatikia katikati. Je, swala yake?

Kabla ya ajali alikuwa akifundisha watoto kusoma, jioni, barazani petu. Anajua wapi pa kusimama na wapi si pa kusimama. Shehe alimkumbusha jambo alilolijua na ambalo ugonjwa ulimsahaulisha: kuna kusimama kwa hiari, na kuna kusimama kwa dharura, pumzi inapomwishia msomaji. Wa dharura hana dhambi. Anavuta hewa, anarudi neno moja au mawili nyuma ili maana isikatike, anaendelea.

Walisoma pamoja. Alisimama mara mbili, akarudi nyuma mara mbili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, chai ikapoa nayo mkononi. Mama alinifinya.

Jumapili, 5 Oktoba. Hesabu: hakuna

Usiku wa kuamkia leo mvua ya upepo ilishuka saa nane na umeme ukakatika. Tangu Alhamisi alikuwa na mafua ya mwanangu. Mafua kwetu ni pua kutiririka. Kwake ni makohozi yanayokaa chini ya pafu kwa kuwa hakuna wa kuyasukuma. Kukohoa ni kazi ya tumbo na mbavu. Kiwambo kinajua kuvuta tu, hakijui kupiga. Waliopooza mikono na miguu, kinachowaua mara nyingi ni nimonia, na nimonia huanza na makohozi yaliyokosa msukumo.

Mashine ya kunyonya makohozi tumeiazima, nayo inataka umeme. Saa nane na nusu nilisikia kutoka kitandani kwake mluzi mwembamba, halafu sauti kama ya maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Nilipanda kitandani kwa magoti. Viganja viwili, kimoja juu ya kingine, kati ya kitovu na ncha ya chini ya kidari, vidole vikielekea kichwani. Tuna ishara yetu: anavuta hewa, ananitazama, anafumba macho, macho yakifumba anakohoa, na papo hapo mimi nasukuma ndani na juu kuelekea kifuani. Ukisukuma mapema unamfungia hewa mlango. Ukichelewa, umesukuma tumbo tupu. Lakini giza lilikuwa totoro. Sikuyaona macho. Mama alishika simu yake atumulikie, ikawaka kitambo, ikazima. Ilikuwa na chaji asilimia 4.

Basi nikaegemeza paji la uso wangu begani kwake. Mabega yanasogea, ngazi hiyo haikuguswa. Bega likipanda, hewa inaingia. Likisimama, yuko tayari. Likitetema, sasa. Tulikosea mara mbili. Ya tatu ikatoka sauti ya kikohozi, kidogo, kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili. Ya nne kubwa zaidi. Ya tano nikasikia kitu kikipanda, nikamgeuza kichwa, Mama akakiondoa kwa kitambaa kwenye kidole. Kizito, kinavutika kama gundi. Tuliendelea hadi mluzi ukanyamaza. Sijui ilikuwa muda gani. Nilipoketi sakafuni mikono ilikuwa inanitetemeka na mvua ilikuwa imepungua.

Asubuhi nimeona nilimwumiza. Bangili zangu mbili zimemkwaruza ngozi ya tumbo, mstari mwekundu urefu wa kidole, na yeye hakusikia chochote. Nimesafisha kwa maji ya chumvi, nimezivua bangili, nimezitundika kwenye msumari wa mlangoni. Zitakaa hapo.

Daktari amempa dawa. Fizio amekuja ingawa ni Jumapili, akanisahihisha viganja kwa sentimita mbili.

Nina neno nalo sitaki lipite. Siku tuliporuhusiwa kutoka wodini tulipewa dawa, karatasi na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyenionyesha msukumo huu. Nilifundishwa miezi miwili baadaye, na ni bahati tu kwamba hiyo miezi miwili haikuwa ya mvua na mafua. Hauhitaji mashine wala umeme wala senti. Robo saa ya kufundishwa inatosha kuanzia. Ningependa asitoke mtu wodini na shingo iliyovunjika kabla ndugu zake wawili hawajaufanya mbele ya muuguzi, wakakosea, wakarudia.

Jumanne, 7 Oktoba. Hesabu: 6

Mfuko wa ambu umepotea saa nne, ukapatikana saa sita kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba. Mwanangu na wenzake walikuwa wanajazia mpira hewa. Wamefunga mdomo wa mfuko kwa sindano ya pampu na mpira wa bendeji, kazi nzuri ya mikono, lakini vali imeingia mchanga. Nimeifungua, nimeichemsha, nimeianika, nimeijaribu shavuni mwangu mara ishirini.

Tunautumia kurundika hewa. Kwa kuwa hawezi kuvuta pumzi kubwa mara moja, anavuta yake, anaifungia kooni, namkamulia nyingine juu yake, anaifungia, namkamulia ya tatu. Kifua kinafura mpaka mbavu zinakumbuka umbo lao. Kisha viganja, kisha kikohozi. Mbavu zisizofunguka hukaza kama bawaba ya dirisha lisilofunguliwa.

Nilimkalisha mtoto nikamsimulia habari ambayo Fizio alitusimulia. Mwaka 1952 mjini Copenhagen ulizuka ugonjwa wa polio uliopooza misuli ya kupumua, na mashine za zama hizo, yale mapipa ya chuma ambayo mgonjwa analazwa ndani yake, zilikuwa chache mno. Mwezi wa Agosti daktari wa ganzi, Bjørn Ibsen, akataka koo la binti wa miaka 12 litobolewe na kutiwa mrija, akaanza kumkamulia hewa kwa mfuko wa mpira. Binti akapona kufa. Hospitali ya Blegdam ikaita wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakapokezana kando ya vitanda mchana na usiku, kwa miezi, mkono mmoja baada ya mwingine ukikamua. Mfuko wa ambu, unaojifura wenyewe, ulianza kuuzwa miaka michache baadaye, mwaka 1956, nao ulibuniwa huko huko.

Mtoto aliuliza walikuwa wanakamua kwa saa ngapi bila kupumzika. Nikamwambia kwa zamu. Akasema yeye anaweza zamu ya jioni, akitoka shule.

Nimemwekea zamu. Anakamua nikiwa nimesimama karibu.

Jumanne, 14 Oktoba. Hesabu: 9

Moshi wa sigiri ya jirani uliingia dirishani. Nimefunga dirisha. Kukawa joto. Nimefungua. Jirani amehamisha sigiri.

Alhamisi, 23 Oktoba. Hesabu: 13

Kliniki saa tatu. Nilikodi gari. Mvua ya usiku ilikuwa imekula barabara, lori la mchanga limekwama katikati, na dereva akapitia njia za panya upande wa Namuwongo, kati ya vibanda na reli, ambako kila tuta lilimrusha mdogo wangu kutoka kitini. Nilimshika kwa mikono miwili. Nusu ya safari nikagundua kwamba mkanda wa tumbo uko nyumbani kitandani.

Nilikuwa nimejifunga leso mbili, kama kawaida. Nikavua ya juu, nikaikunja mara nne kwa urefu, nikampitishia mgongoni, nikaivuta mbele na kuifunga ubavuni kwa fundo la kubebea mtoto, toka chini ya mbavu hadi juu ya nyonga. Dereva alisimamisha gari, akashuka kutusaidia kuivuta. Kliniki Fizio alimpima hivyo hivyo. 13. Haijapata kutokea. Amesema leso inakamata sawasawa kuliko mkanda wetu uliolegea, na nimshonee wa kitambaa cha aina hiyo wenye tabaka mbili.

Tulipokuwa tukisubiri, mdogo wangu alimwuliza Fizio swali lake la kila mara: yaliyokatika yataunga? Fizio hamdanganyi, na ndiyo sababu tunampenda. Alichukua karatasi akamchorea njia mbili zinazoshuka kutoka ubongoni, moja ya kila upande, na baina yao vijia vyembamba vinavyovuka. Mwaka 1895 Mmarekani William Townsend Porter alimkata mnyama nusu ya ugwe sehemu ya juu ya shingo. Upande ule wa kiwambo ukalala. Alipoukata na mshipa wa fahamu wa upande mzima, upande uliolala ukaamka. Maana yake vijia vya kuvukia vilikuwapo siku zote, vimelala tu. Jerry Silver na wenzake wa Cleveland wamevifuatia vijia hivyo kwa panya. Mwaka 2018 walitangaza kwamba panya ambao upande mmoja wa kiwambo ulikuwa umekufa mwaka mmoja na nusu, muda mrefu kwa umri wa panya, walianza kuutumia tena baada ya kudungwa kimeng'enya kinachoyeyusha utando wa kovu. Wengine huko Florida, kwa Gordon Mitchell, huvutisha hewa yenye oksijeni pungufu kwa vipindi vifupi, na njia ya pumzi hubaki na nguvu zaidi baada ya hapo. Kwa binadamu ni majaribio, chini ya macho ya madaktari, si jambo la kujaribia chumbani.

Mdogo wangu alinyamaza, akavuta hewa. "Kwa hiyo ni njia za panya."

Fizio akasema ndiyo, ni njia za panya. Barabara kuu imefungwa. Kazi ni kuziamsha za pembeni, na zinaamka kwa kupitwa kila siku.

Tulirudi kwa njia ile ile. Lori lilikuwa bado pale.

Jumapili, 2 Novemba. Hesabu: 13

Mwanangu aliazima kwa rafiki yake filamu ya Superman, ile ya zamani. Tuliitazama hadi betri ya kompyuta ikaisha kabla ya mwisho. Nikawaambia habari ya yule mchezaji, Christopher Reeve, aliyeanguka kutoka kwa farasi Mei 1995 akavunjika shingo pale juu kabisa, kwenye mfupa wa kwanza na wa pili. Miaka karibu minane alipumuliwa na mashine. Februari 2003, Cleveland hiyo hiyo, daktari Raymond Onders alimpandikizia nyaya kwenye kiwambo, zikawa zinakishtua kwa umeme mdogo kila pumzi, na akaweza kukaa saa kadhaa bila mashine. Alifariki Oktoba 2004. Kabla ya hapo, hewa ilipopita tena puani, alirudi kunusa.

Hilo mdogo wangu analijua. Tundu la kooni lilipozibwa Juni, harufu yake ya kwanza ilikuwa wali ulioshika chini. Alitaka aletewe sufuria. Nilimletea, akainusa hadi ikapoa.

Jumamosi, 15 Novemba. Hesabu: 14

Msimu wa nsenene. Usiku taa kali zinawashwa juu ya paa, mabati yamepangwa kwa mapipa, na asubuhi kila njia ina mama mwenye beseni. Jirani yetu ni wa ukoo wa Nsenene, hawali, sisi tunakula. Mama alikaanga kwa kitunguu na chumvi, akavunja miguu na mabawa kama ipasavyo, ila mguu mmoja ulimponyoka. Ukamkwama mdogo wangu kooni.

Alikuwa ameketi, amefungwa mkanda mpya. Macho yakatoka. Nikaenda mbele yake, viganja mahali pake, bega likapanda, nikasukuma. Mguu wa nsenene ukaruka, ukatua kwenye daftari hili. Doa la mafuta ni hilo hapa juu ya tarehe.

Mama alilia kidogo. Mdogo wangu aliomba wengine, bila miguu. Tumemvunjia mmoja mmoja, nikiwachunguza chini ya taa.

Jumanne, 18 Novemba. Hesabu: 16

Zoezi jipya. Kuna msuli wa kifua unaoshuka kutoka mfupa wa mtulinga kwenda mkononi, nao unapata amri kuanzia ngazi ya tano ya shingo. Mwaka 1986 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba waliopooza kama yeye huutumia huo kubana mbavu za juu na kutoa hewa kwa nguvu, kikohozi kidogo cha kwao wenyewe. Na msuli unaofanya kazi unaweza kufanyiwa mazoezi. Kwa hiyo anakandamiza mto baina ya mikono, mara kumi, anapumzika, mara kumi.

Mara ya saba mkono ulifyatuka ukapiga kikombe cha chai, chai ikamwagikia redio. Redio imenyamaza. Mkono haujawahi kufyatuka hivyo tangu Aprili, nami nilikuwa nauangalia mkono, si redio. Redio nimeiweka juani.

Jumapili, 23 Novemba. Hesabu: 17

Nilibandika maharage jiko la uani baada ya adhuhuri, nikatoka hadi kwenye lango kuzungumza na afande mstaafu wa nyumba ya tatu, ambaye alitaka kujua namna ya kushona mkanda wa tumbo kwa ajili ya mpwa wake aliyelazwa. Nilimwonyesha kwa leso yangu, pale pale, wapi inaanza na wapi inaishia. Kisha nikamwonyesha viganja. Aliweka mikono yake tumboni pake, akajisukuma, akakohoa.

Katikati ya maelezo nilisikia mtu anaita, "Dada! Maharage!" Nikadhani ni kijana wa nyuma ya ua anamwita dada yake, nikaendelea. Sauti ikaita tena. Mama alikuwa msalani na mwanangu alikuwa uwanjani. Afande ndiye aliyegeuka, akasema, "Si huyo mgonjwa wako?"

Kutoka kitandani hadi langoni ni hatua 22. Nimezipima baadaye, mara mbili. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa nusu.

Nilipofika alikuwa amelala chali, amechoka, midomo mikavu, macho kwenye dirisha ambalo moshi ulikuwa unapita. Alikuwa amenusa kabla yetu sote. Nilimpa maji kwa mrija. Alivuta hewa, akasema ameita mara sita.

Maharage yameungua mpaka chini, na sufuria pia. Tumekula mkate na chai.